Kiporo na Makombo

Lugha yetu ya Kiswahili ina majina mengi ya chakula kilichosalia. Chakula cha usiku kilichowekwa mpaka asubuhi huitwa kiporo, na wengine hukiita mwiku. Kile kilichogandamana chini ya chungu ni ukoko, ambao watoto huugombania. Mabaki yaliyoachwa sahanini baada ya watu kushiba ni makombo. Mtu asiyekuwa mwangalifu aweza kudhani kwamba haya yote ni majina ya kitu kimoja, lakini sivyo. Kiporo kimewekwa, makombo yameachwa. Kiporo kina mwenyewe, naye ajua atakila lini. Makombo hayana mwenyewe ila kuku na mbwa.

Baina ya maneno haya mawili pana historia ndefu, nayo ndiyo nitakayoisimulia. Yahusu vita ambavyo kila nyumba duniani imepigana tangu watu walipoanza kulima: vita vya kukifanya chakula cha leo kifike kesho. Labda mtaona ajabu kuviita vita. Lakini fikirini. Mkulima akivuna debe moja la mahindi, wako wengi wanaolitaka pamoja naye: panya, fukusi, mchwa, kuvu, na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wote hao wana njaa kama yeye, na baadhi yao hawalali usiku.

Tuanze na hesabu moja ya siku hizi ili tujue ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, lilitoa taarifa mwaka wa 2024. Kwa hesabu ya wataalamu wake, katika mwaka wa 2022 watu walitupa chakula kiasi cha tani 1,050,000,000, pamoja na maganda na mifupa. Katika kila tani 10 zilizotupwa, tani 6 zilitoka majumbani, wala si mahotelini au madukani. Ni sawa na kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Tena taarifa hiyo ilionyesha jambo ambalo wengi hawakulitazamia: katika nchi zilizopimwa, nyumba za nchi tajiri na nyumba za nchi zenye kipato cha kati hazikupitana sana katika kutupa. Basi tusiseme upesi kwamba hilo ni kosa la Wazungu walioshiba.

Hapo kale katika nchi yetu ya Kenya, kutupa chakula kulikuwa kugumu kwa sababu kukipata kulikuwa kugumu zaidi. Wazee wa Ukambani huzihesabu njaa kwa majina, kama watu wengine wanavyohesabu wafalme. Njaa iliyoenea mwisho wa karne ya kumi na tisa, yapata mwaka wa 1898 na 1899, waliiita Ngomanisye, kwa kuwa ilifika kila mahali. Wakikuyu nao waliiita njaa ya mwaka wa 1943 kwa jina la muhogo, Ng'aragu ya Mianga. Na njaa ya mwaka wa 1984 Wakamba waliipa jina la Nikw'a Ngwete, maana yake "nafa nimeshika". Kushika nini? Kushika fedha. Mtu alikuwa na noti mkononi, na dukani hamna unga. Jina hilo nitalirudia baadaye, maana nyanya yangu alilitumia siku moja katika ugomvi ambao sijausahau.

Dawa ya njaa ilikuwa ghala. Wajaluo waliiita dero, Wakikuyu na Wakamba ikumbi, na kila kabila lilikuwa na mtindo wake. Lakini ukizitazama vizuri utaona kwamba waliozijenga walikuwa na fikira moja. Ghala haikuguswa na ardhi. Ilisimama juu ya mawe au miguu ya miti ili unyevu wa chini usipande, na panya wapate taabu kuingia. Kuta zake zilisukwa kwa fito, na upepo ulipita katikati ya masuke. Paa lake la nyasi lilishuka chini kama kofia iliyofunika masikio, mvua isipate nafasi. Penye fukusi wengi, mama alichanganya jivu na kunde au maharagwe, na jivu hilo likawazuia wadudu wale kutembea na kuzaana. Masuke ya mbegu yalitundikwa jikoni juu ya moto, moshi ukayakausha mwaka mzima. Hakuna aliyekwenda chuo kujifunza haya. Lakini yote yalikuwa elimu, tena elimu iliyopimwa kwa mtihani mkali sana, kwa sababu aliyeshindwa alilala njaa.

Wengine walishindana na kuoza kwa njia zao. Wavuvi wa Ziwa Viktoria walianika omena juani, na jua la siku moja au mbili liliwapa samaki wa kula kwa miezi. Katika nchi za kaskazini zenye joto kali, Waborana na Wasomali walikata nyama vipande vidogo, wakaianika, wakaikaanga, kisha wakaizamisha katika mafuta. Hiyo ndiyo nyirinyiri, nayo husafiri na ngamia bila kuharibika. Wakalenjin walitia maziwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti maalumu, yakawa mursik. Pwani, majahazi yaliyokuja kwa pepo za kaskazi kutoka Arabuni yalileta tende na papa mkavu, na harufu ya papa huyo ilitangulia kufika nyumbani kabla ya aliyemnunua.

Jua, moshi, chumvi, mafuta, uchachu. Nini kilichokuwa sawa katika hivi vyote? Kwa maelfu ya miaka hakuna aliyeweza kujibu swali hilo kwa hakika. Watu walijua kwamba nyama kavu haiozi, lakini hawakujua kwa nini. Jibu lilipatikana Ufaransa, nalo lilianza, kama mambo mengi ya wanadamu, kwa sababu ya vita vya kweli.

Mwishoni mwa karne ya kumi na nane, majeshi ya Ufaransa yalikuwa yakipigana pande nyingi za Ulaya, na askari waliugua kwa chakula kibovu kama walivyouawa kwa risasi. Mpishi mmoja, jina lake Nicolas Appert, alianza yapata mwaka wa 1795 kujaribu njia mpya. Alitia chakula ndani ya chupa, akaziba kwa nguvu kwa kizibo, kisha akachemsha chupa nzima ndani ya maji kwa saa nyingi. Alijaribu nyama, maharagwe, matunda, maziwa. Kazi hiyo ilimchukua miaka kama kumi na minne. Mwaka wa 1810 serikali ya Ufaransa ilimpa zawadi ya faranga 12,000 kwa sharti kwamba asifiche siri yake, naye akaiandika kitabuni ili kila mwenye jiko aisome. Mwaka huo huo Mwingereza Peter Durand alipata hati ya kutumia mkebe wa bati badala ya chupa. Na hapa nitaongeza neno dogo la kuwachekesha: mikebe ya kwanza ilikuwa minene mno, na kifungulio chake hakikutengenezwa ila miaka mingi baadaye. Aliyetaka kula alishika nyundo na patasi.

Appert mwenyewe hakujua kwa nini njia yake ilifaa. Alidhani hewa ndiyo adui. Katika miaka ya 1860 Louis Pasteur, Mfaransa mwenzake, alionyesha kwamba chakula huozeshwa na viumbe vidogo vilivyo hai, na ya kuwa moto huviua. Hapo ndipo ufahamu ulipofika mahali pake. Jua huondoa maji ambayo viumbe hao wayahitaji. Chumvi huwanyonya maji yao. Uchachu huwachoma. Nyanya zetu na wapishi wa Ufaransa walikuwa wakipigana na adui mmoja bila kujuana, na bila kumwona.

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa watu wamekuwa na bidii hivi ya kuhifadhi, makombo yaliingia lini? Kwa maoni yangu yaliingia pale chakula kilipokuwa rahisi kupata kuliko kutunza. Mtu anunuaye mkate kila jioni kwa jirani hana haja ya kufikiri habari za mkate wa jana. Waingereza walilijua hili walipotishwa na njaa katika Vita Kuu ya Pili. Nchi yao ilikuwa ikileta sehemu kubwa ya chakula kutoka ng'ambo, na nyambizi za Wajerumani zilizamisha meli zao. Tarehe 8 Januari 1940 serikali yao ilianza kugawa nyama ya nguruwe, siagi na sukari kwa vipimo. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo ikatoka amri kwamba kutupa chakula kinachofaa kuliwa ni kosa la kushtakiwa. Redio ilifundisha akina mama kupika maganda na majani waliyozoea kuyatupa, na mabaki yakakusanywa mitaani kulisha nguruwe. Mgawo huo haukwisha kabisa mpaka tarehe 4 Julai 1954, yaani miaka tisa baada ya vita. Watoto waliozaliwa katika miaka ile walikua hawajui tabia ya kuacha mkate sahanini. Lakini wajukuu wao ni miongoni mwa watu wa hesabu ile ya kilo 79. Tabia iliyoletwa na amri haikudumu kuliko amri yenyewe.

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo historia hii ina uchungu.

Katika miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, wakulima wa Tabora, Tanzania, waliona mdudu mgeni katika maghala yao. Alikuwa mdogo, mweusi, mwenye mwili kama kipande cha mti, na alikula mahindi kwa namna ambayo fukusi hakuiweza. Alitoboa suke hata likiwa na maganda yake. Alitoboa hata miti ya ghala. Nyuma yake aliacha unga mtupu. Mdudu huyo asili yake ni Amerika ya Kati, ambako ndiko mahindi yenyewe yalikotoka. Kwa hiyo waweza kusema kwamba alichelewa karne kadhaa, lakini hatimaye alimfuata rafiki yake. Watu walimwita dumuzi. Wengine Tanzania walimpa jina la Scania, kama lori kubwa, na baadaye Kenya wako waliomwita Osama. Mwaka wa 1983 alionekana Taveta, akawa ameingia Kenya. Penye dumuzi, ghala yaweza kupoteza theluthi ya mahindi yake kwa miezi michache.

Tazama basi lililotokea. Ghala ya fito iliyokuwa ngome kwa miaka mingi sasa ikawa karamu. Wakulima walishauriwa wapukuchue mahindi mapema, wayachanganye na dawa ya unga, wayatie maguniani. Shauri hilo lilikuwa jema kwa upande wa dumuzi. Lakini gunia si suke. Suke katika ghala hupigwa na upepo. Punje katika gunia hulaliana, na zikiwa na unyevu huchemka kwa joto lao wenyewe. Tena wezi walizidi, na gunia hubebeka. Kwa hiyo mahindi yakahamia ndani ya nyumba, chini ya kitanda au pembeni mwa chumba, juu ya sakafu ya udongo. Aliyemkimbia dumuzi akawa amekaribisha kuvu, naye hakujua.

Kuvu hii ina historia yake. Mwaka wa 1960 huko Uingereza bata mzinga wapatao 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna daktari wa mifugo aliyeutambua. Uchunguzi ulifika mpaka katika chakula chao, ambamo mlikuwa na njugu zilizosagwa kutoka Brazil. Njugu hizo zilikuwa zimeota kuvu iitwayo Aspergillus flavus, na kuvu hiyo ilikuwa imetoa sumu. Kutokana na jina la kuvu sumu ikaitwa aflatoksini. Siku hizi wengi huiita sumukuvu. Huharibu ini. Haina rangi ya kuitambua wala ladha ya kumwonya mlaji. Jambo baya kupita yote ni kwamba kuipika hakuiondoi. Moto uliomsaidia Appert kuua vijidudu hauwezi kitu hapa, kwa sababu sumu si kiumbe hai. Kuvu yaweza kufa chunguni, na sumu iliyokwisha kuitoa ikabaki katika ugali.

Mwaka wa 2004 nilikuwa darasa la saba katika wilaya ya Makueni. Mavuno yaliyotangulia yalikuwa haba kwa ukame, tena mvua isiyo ya msimu ilinyesha wakati mahindi yako shambani, yakavunwa yakiwa na maji. Mwezi wa Aprili tulianza kusikia habari za watu kuugua matumbo na macho yao kuwa ya manjano. Kwanza wengine walisema ni uchawi. Kisha madaktari wakaja. Tangu Januari mpaka tarehe 20 Julai mwaka ule waliandikwa wagonjwa 317, wengi wao wa Makueni na Kitui, na katika hao wakafa 125. Mahindi yaliyonunuliwa katika masoko ya sehemu zile yalipimwa, na zaidi ya nusu yalipita kiwango cha sumu kilichoruhusiwa na sheria. Wachunguzi walipolinganisha nyumba zenye wagonjwa na nyumba zisizokuwa nao, waliona kwamba walioweka mahindi ndani ya nyumba, na walioyaweka yakiwa mabichi, ndio walioumia zaidi.

Chifu aliita baraza, akatangaza kwamba mahindi yenye kuvu yasiliwe, yasiuzwe, wala yasipewe mifugo. Serikali italeta mengine. Sisi tulikuwa na magunia mawili na nusu chumbani. Mama yangu alifungua moja, akaona punje za rangi ya kijani kibichi chini kabisa. Akasema, "Mama, haya tuyafukie."

Nyanya yangu, mamake baba, alikuwa ameketi mlangoni akichambua kunde. Hakuinua uso. "Chakula hakifukiwi, mwanangu. Hufukiwa watu."

"Lakini tumeambiwa, Mama."

"Ninyi mliona nini? Mimi niliona mwaka wa nikw'a ngwete. Nilikuwa na fedha nimezifunga hapa kiunoni, na watoto wanalia. Nitayachambua. Mabaya nitayatoa, mazuri nitayaosha, nitayatwanga muthokoi. Kama yana ubaya utatoka na maji."

Akayachambua kwa siku mbili, punje baada ya punje, juu ya ungo. Nami nilimsaidia, kwa kuwa niliamini neno lake. Nani asingeliamini? Kila alilolijua habari za chakula lilikuwa kweli, na lilikuwa limetuponya mara nyingi. Jicho lake lilimtambua fukusi ndani ya punje isiyo na tundu. Lakini sumu hii haikujificha mahali ambapo jicho laweza kufika. Usiku wa pili mama alibeba magunia yale pamoja na baba, wakayafukia nyuma ya boma. Asubuhi nyanya aliona pembe ya chumba i tupu. Hakusema neno na mama kwa siku tatu. Ng'ambo ya mto, katika nyumba tuliyoifahamu, walizikwa watoto wawili majuma machache baadaye. Baada ya mazishi hayo nyanya alimwita mama, akampa kuku.

Tangu siku ile sijapata kukubali maneno rahisi ya wale wasemao kwamba dawa ya kutupa chakula ni kutotupa. Nyanya yangu hakutupa kitu maisha yake yote, na nusura kutotupa kwake kutuue. Mwalimu mmoja aliyenifundisha chuoni alipenda kusema ya kwamba uwekevu ni tabia. Mimi huona ni maarifa kwanza. Anayejua kwamba mahindi haya ni makavu huyaweka, na anayejua kwamba haya yameharibika huyafukia bila kujuta, lakini asiyejua hubahatisha tu, akila au akitupa.

Hata kiporo chenyewe ni hivyo. Wengi wenu mnadhani kwamba chakula kilichopikwa vizuri usiku ni salama mpaka asubuhi. Ugali mkavu waweza kuwa salama. Lakini katika wali uliopikwa mna viini vya kijidudu kimoja ambavyo havifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa jikoni usiku kucha katika joto la Mombasa au Kisumu, viini hivyo huamka, huzaana na kutoa sumu, nayo haiondoki kwa kupashwa moto asubuhi. Shida ya wali haikuwa mapishi. Ni zile saa alizokaa katika joto. Mwenye kuutandaza kwenye sinia upoe upesi, kisha akauweka mahali pa baridi, ana kiporo. Aliyeufunika katika sufuria moto moto akaenda kulala hana kiporo, ingawa ataona huruma kuumwaga.

Na baridi si lazima itoke kwenye friji, ambayo nyumba nyingi za kwetu hazina. Huko Nigeria, Mohammed Bah Abba, mwalimu aliyezaliwa katika ukoo wa wafinyanzi, alichukua vyungu viwili, akaweka kidogo ndani ya kikubwa, akajaza mchanga katikati na kuulowesha maji. Maji yakitoka kama mvuke huchukua joto pamoja nayo. Bilinganya zilizokuwa zikioza kwa siku tatu zilikaa karibu majuma manne. Mwaka wa 2000 alipewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Ni ile ile kanuni ya mtungi wa maji ambao kila mmoja wetu ameunywea. Ila msijaribu pwani wakati wa masika na kutazamia ajabu. Penye hewa iliyojaa unyevu maji hayapati pa kwenda.

Watu wa mijini wana taabu nyingine. Hawana ghala, hawana kuku wa kula makombo, na takataka zao huchukuliwa na lori mpaka mahali wasipopaona. Kijijini, aliyemwaga chakula alikutana nacho tena kesho yake uani. Nadhani jambo hili hufanya kazi kubwa kuliko tunavyofikiri. Zamani nilipokuwa mwanafunzi wa chuo niliishi katika bweni ambalo maharagwe yalimwagwa kila Jumatano, kwa kuwa jikoni walipika kwa hesabu ya wanafunzi wote, na Jumatano wengi walikuwa nje. Muhula mzima hakuna aliyehesabu. Mpishi alipoulizwa na mwanafunzi mmoja alijibu kwamba yeye hupewa kipimo stoo, si idadi ya watu.

Yasalia habari ya dumuzi, maana sikumaliza. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walikuwa Cameroon wakitafuta njia ya kuhifadhi kunde kwa wakulima wasio na fedha za dawa. Walitengeneza gunia lenye mifuko miwili ya plastiki ndani yake, moja ndani ya nyingine, kila mmoja ukafungwa kwa nguvu. Wadudu walio ndani huvuta hewa mpaka ikapungua, nao hukoma kula, hukoma kuzaa, hufa. Hakuna dawa. Na wala fikira yenyewe si ngeni, kwa kuwa Wasomali na Waethiopia walihifadhi mtama katika mashimo yaliyofunikwa udongo tangu zamani, na ndani ya mashimo hayo wadudu walikosa hewa vile vile. Magunia haya sasa yanauzwa katika nchi nyingi za Afrika, Kenya mojawapo. Yana sharti moja tu: mahindi yawe makavu kabla ya kutiwa ndani, maana gunia lisilopitisha hewa halipitishi unyevu pia.

Kipimo cha ukavu kila mwanafunzi aweza kukifanya. Chukua chupa kavu ya kioo. Tia chumvi kavu vijiko viwili vitatu, kisha punje za mahindi mpaka theluthi ya chupa. Funga, tikisa kwa muda, uache itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana maji. Yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya ardhi.

Miaka michache iliyopita nilimpelekea nyanya magunia mawili ya namna hiyo. Aliyageuza, akayanusa, akaniuliza mahindi yatapumulia wapi. Nikamwambia hilo ndilo tutakalo, yasipumue. Alicheka sana. Kisha akaingia ndani, akatoka na chupa ya soda aliyoikausha juani tangu asubuhi, na chumvi katika kikombe, maana nilikuwa nimemsimulia kipimo kile kwa simu. Tukatia punje, akatikisa yeye mwenyewe kwa mikono yake miwili, kama mtu atikisaye kibuyu cha maziwa. Tukangoja. Alipoiinua kuelekea jua, chumvi ilikuwa imeshika kioo pande zote.

"Turubai liko wapi?" akauliza.

Yakakaa juani siku nne zaidi.